Kusamehe damu ya marehemu: Nani mwenye haki hiyo?

  

Ndugu msomaji, makala hii naiandika kwanza kama toba. Mimi ni mwalimu. Asubuhi nasomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari, na jioni nasomesha watoto madrasa hapa mtaani kwetu Mbagala. Miaka michache iliyopita, baba wa mtoto mmoja wa madrasa yetu alifariki dunia. Alikuwa dereva wa bodaboda. Alikuwa amesimama pembeni ya barabara anasubiri abiria, likaja lori la mchanga lenye breki mbovu likamkuta pale pale alipo. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Aliacha mke, mama yake mzazi, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, huyo mwanafunzi wangu.

Siku ya tatu ya msiba alikuja mwenye lori. Alikuja kwa adabu, na gunia la mchele, sukari na shilingi 600,000 ndani ya bahasha. Wazee wakakaa barazani, nami nikaitwa kwa kuwa ndiye ustadhi. Ikaletwa karatasi imeandikwa kwamba familia imepokea rambirambi, imesamehe na haitadai kitu chochote kwa mtu yeyote. Kaka mkubwa wa marehemu akasaini. Mimi nikasaini chini yake kama shahidi. Kisha nikasoma aya ya 11 ya Surat At-Taghabun, inayotufundisha kuwa hakuna msiba unaomfika mtu ila kwa idhini ya Allah, nikawausia wafiwa subira. Tukapiga fatiha, tukatawanyika. Mjane alikuwa ndani, katika eda. Hakuna aliyemuuliza neno.

Eda ilipokwisha alikuja madrasa kunilipa ada ya mtoto. Akahesabu noti, ikapungua. Akaniambia, "Ustadhi, nisamehe, nitamalizia mwisho wa mwezi." Nikamwambia asijali. Akasimama kidogo, kisha akasema, "Ustadhi, nina swali. Ile siku mlisema tumesamehe. Mimi sikusamehe, sikuulizwa. Na hawa watoto nao wamesamehe?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Dada yangu, nipe muda nikasome." Nilichokisoma ndicho nataka tukizingatie pamoja leo, kwa sababu karatasi kama ile zinasainiwa katika misiba mingi ya Waislamu mijini.

Kadari haifuti dhamana

Hoja ya kwanza inayosikika msibani ni kwamba ajali haina kinga, na kazi ya Mungu haina makosa. Kwamba mtu akienda kudai fidia, ni kama anampinga Allah katika kadari yake.

Ni kweli kwamba ajali na siku ya kufa vimeandikwa. Kuamini kadari ni nguzo ya imani na hapana Muislamu anayelijadili hilo. Lakini Allah huyo huyo aliyeandika ajali ndiye aliyeteremsha aya ya 92 ya Surat An-Nisaa. Humo anaeleza hukumu ya anayemuua Muumini kwa kukosea, si kwa kukusudia. Anamuwajibisha mambo mawili. La kwanza ni kafara, ambayo ni kumwacha huru mtumwa Muumini, na asiyepata basi afunge miezi miwili mfululizo. La pili ni diya, yaani fidia inayokabidhiwa kwa watu wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe waiache iwe sadaka.

Tazama mpangilio huu. Aya inazungumzia mtu aliyeua bila kukusudia, na juu ya hivyo haikusema kwamba kwa kuwa ni kadari basi yamekwisha. Imeweka malipo. Kadari ni ufafanuzi wa kwa nini roho imetoka, na dhamana ni jibu la nani atabeba mzigo ulioachwa. Subira inamzuia mfiwa asimlaumu Mola wake. Haimzuii kuchukua haki aliyopewa na huyo huyo Mola wake.

Sira ya Mtume (SAW) inalifafanua jambo hili kwa vitendo. Baada ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, kikosi kilichoongozwa na Khalid bin Walid kiliwaua baadhi ya watu wa kabila la Banu Jadhima kwa kukosea kuelewa maneno yao. Mtume (SAW) alipopata habari aliinua mikono akajitenga mbele ya Allah na kitendo kile. Wapokezi wa sira wanaeleza kwamba kisha akamtuma Ali bin Abi Talib akiwa na mali, akalipa diya ya kila aliyeuawa na thamani ya kila kilichoharibika, hata bakuli la mbwa la kunywea maji. Mali ilipobaki, Ali akawaachia na ile ya ziada, kwa tahadhari ya yale ambayo huenda hawakuyakumbuka. Wafiwa wale hawakuombwa wasubiri tu. Walifuatwa walipo, wakahesabiwa, wakalipwa.

Uzembe una mwenyewe

Huenda mtu akasema kwamba zama zile hazikuwa na malori wala hospitali. Lakini misingi ilikuwepo. Wanazuoni wa zamani walijadili mpanda mnyama ambaye mnyama wake amemkanyaga mtu, wakamdhamanisha mpandaji kwa kuwa hatamu ziko mkononi mwake. Wanazuoni wa leo wamelichukua hilo kwa dereva na usukani wake. Mwaka 1993, Baraza la Kimataifa la Fiqh ya Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu (OIC), katika kikao chake cha Brunei, lilipitisha kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine. Anaondokewa na dhamana endapo ajali ilitokana na nguvu asiyoweza kuizuia wala kujikinga nayo, au kosa la aliyeumia mwenyewe, au kosa la mtu mwingine. Breki mbovu unayoijua na ukaamua kutoka nayo barabarani haimo katika nyudhuru hizo.

Kwa tabibu pia kuna Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah, ambayo maana yake ni kwamba anayejitia kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mwenye dhamana. Wanazuoni wakafafanua: tabibu mjuzi aliyeruhusiwa na mgonjwa na akafuata kanuni za fani yake, mgonjwa akifa hadaiwi. Lakini asiye mjuzi, au mjuzi aliyevuka mipaka au kuzembea, anadaiwa. Kwa hiyo si kila mgonjwa akifariki tumkamate daktari, na si kila daktari akisema "tumejitahidi" tufunge mjadala.

Diya ni kiasi gani?

Asili ya diya ni ngamia 100. Umar bin Khattab (RA) alipoona bei ya ngamia imepanda, aliipanga kwa dinari 1,000 kwa watu wa dhahabu na dirhamu 12,000 kwa watu wa fedha. Dinari moja inakadiriwa kuwa gramu 4.25 za dhahabu. Kwa hesabu hiyo dinari 1,000 ni kilo 4 na robo za dhahabu. Huko Saudi Arabia, mwaka 2011, diya ya mwanamume Muislamu aliyeuawa kwa kukosea ilipandishwa kutoka riyali 100,000 hadi riyali 300,000.

Ndugu msomaji, weka kilo 4 na robo za dhahabu upande mmoja wa mizani, na upande wa pili weka gunia la mchele na shilingi 600,000. Sisemi kwamba mahakama zetu hapa zitahukumu kilo hizo. Nasema ili tujue uzito ambao sharia imeupa uhai wa mtu, tusije tukadhani rambirambi ni diya. Rambirambi ni ubani wa kufariji, haina kiwango wala haifuti deni.

Katika kuua kwa kukosea, diya haikuwekwa juu ya mtu mmoja. Ilibebwa na aqila, yaani jamaa wa ukoo wa mtendaji, kwa muda wa miaka 3, ili haki ya wafiwa ipatikane bila ya kumfilisi mkosaji. Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waliogombana, mmoja akamrushia mwenzake jiwe akamuua pamoja na mimba yake. Mtume (SAW) alihukumu malipo ya mimba, na diya ya mama akaiweka juu ya aqila wa muuaji. Leo mijini ukoo wa namna hiyo umetawanyika. Baraza lile lile la Fiqh, katika kikao cha Dubai mwaka 2005, lilieleza kwamba pale ukoo wa kubeba diya unapokosekana, bima ya Kiislamu ya kusaidiana na mifuko ya vyama vya wafanyakazi na wanataaluma inaweza kusimama mahali pake.

Nani mwenye haki ya kusamehe?

Hapa ndipo lilipo kosa letu la siku ile barazani.

Aya imesema watu wa marehemu wanaweza kuiacha diya iwe sadaka. Tukadhani "watu wa marehemu" ni wazee wa ukoo. Sivyo. Diya inarithiwa kama mali nyingine ya marehemu, baada ya kulipwa madeni yake na kutekelezwa wasia wake. Wenye kuisamehe ni warithi, kila mmoja katika fungu lake.

Umar bin Khattab mwenyewe alikuwa na rai kwamba diya ni ya ukoo wa mwanamume na mke harithi chochote katika diya ya mumewe. Akasimama Dhahhak bin Sufyan akamweleza kwamba Mtume (SAW) alimwandikia barua akimwamuru ampe mke wa Ashyam Ad-Dibabi fungu lake katika diya ya mumewe. Umar akaiacha rai yake papo hapo. Kisa hiki kimepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Ikiwa Umar, Amiri wa Waumini, alirejea kwa ajili ya haki ya mjane mmoja, sisi wazee wa baraza na maustadhi ni nani hata tusirejee?

Tuchukue mfano wa familia ile. Mke anapata thumni kwa kuwa marehemu ana watoto. Mama mzazi anapata sudusi. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Tuseme kwa mfano diya iliyokubaliwa ni shilingi 24,000,000 na marehemu hakuwa na deni wala wasia. Mke atapata 3,000,000. Mama atapata 4,000,000. Zinabaki 17,000,000, kila mtoto wa kiume 6,800,000 na binti 3,400,000. Na kaka wa marehemu? Hana kitu. Amezuiwa na watoto wa kiume wa marehemu.

Yule aliyesaini msamaha siku ile hakuwa na hata senti moja ya kusamehe. Alitoa sadaka mali ya watu wengine, na mimi nikamshuhudia.

Zito zaidi ni watoto. Mtoto ambaye hajabaleghe hana uwezo wa kusamehe mali yake, na walii wake hana ruhusa ya kuisamehe bure kwa niaba yake. Walii anaweza kufanya suluhu pale penye maslahi ya mtoto, lakini hawezi kuigawa. Allah amekataza mali ya yatima isikaribiwe ila kwa njia iliyo bora, katika Surat Al-An'am aya ya 152 na Surat Al-Israa aya ya 34. Na katika aya ya 10 ya Surat An-Nisaa amewafananisha wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma na watu wanaokula moto matumboni mwao. Sisi hatukuila mali ile, tuliimwaga. Sijui kama kuna tofauti kubwa kwa mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Basi je, kusamehe ni vibaya? Hasha. Aya yenyewe imeuita sadaka. Lakini sadaka haitolewi ila na mwenye mali, aliye baleghe, mwenye akili, anayejua anachokiacha, na ambaye hakushurutishwa na macho ya watu barazani.

Njia ya kudai hapa nchini

Baadhi ya ndugu wataniuliza, "Ustadhi, diya tutaidai wapi?" Ukweli ni kwamba mahakama za Tanzania Bara hazisikilizi madai ya diya. Sharia ya Kiislamu inatumika katika ndoa, talaka, mirathi na wakfu wa Waislamu. Mahakama za Kadhi za Zanzibar na Kenya nazo zina mipaka katika mambo ya aina hiyo. Lakini ipo sheria ya nchi inayohusu vifo vinavyosababishwa na kosa au uzembe wa mtu, Sura ya 310 ya Sheria za Tanzania. Inawapa wategemezi wa marehemu, wakiwemo mke, watoto na wazazi, haki ya kulipwa fidia ya walichopoteza kwa kuondokewa na mtu aliyekuwa akiwatunza.

Wapo wanaoona uzito kwenda katika mahakama isiyohukumu kwa Qur'an. Nawakumbusha Hilf al-Fudul, mkataba uliofungwa Makka katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an kabla ya Utume, baada ya mfanyabiashara kutoka Yemen kudhulumiwa mali yake. Waliofunga mkataba ule hawakuwa Waislamu. Mtume (SAW) alihudhuria, na baada ya kupewa Utume alisema kwamba angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitika. Kumrejeshea aliyedhulumiwa haki yake ni jema, hata likitendeka katika nyumba isiyo yetu.

Haya ndiyo mambo ambayo kila familia inapaswa kuyajua.

Kwanza, kesi ya jinai na madai ya fidia ni vitu viwili. Dereva akishitakiwa na polisi akatozwa faini, faini ile inakwenda serikalini. Haiingii mfukoni mwa yatima. Hukumu ile inasaidia kuwa ushahidi, lakini fidia lazima idaiwe yenyewe.

Pili, kusanyeni nyaraka mapema. Taarifa ya polisi kuhusu ajali, mchoro wa eneo la tukio, ripoti ya ukaguzi wa gari, namba ya gari na bima yake, ripoti ya daktari na cheti cha kifo. Sisi Waislamu tunaharakisha kuzika, na ndivyo tulivyofundishwa. Lakini haraka isitufanye tuondoke na maiti kabla daktari hajaandika sababu ya kifo. Pale mahakama au polisi wanapohitaji uchunguzi wa mwili ili haki ijulikane, Baraza la Fiqh la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu mjini Makka liliruhusu mwaka 1987, kwa kiasi cha haja na kwa kuheshimu mwili wa marehemu.

Tatu, mteueni msimamizi wa mirathi. Kikao cha familia kikae, kiandike muhtasari, kisha maombi yapelekwe Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi ndiye anayefungua madai kwa manufaa ya wategemezi. Si lazima awe kaka wa marehemu. Mjane anaweza kuwa msimamizi. Na msimamizi si mrithi wa kila kitu. Ni mtunza amana, atatoa hesabu mahakamani leo na mbele ya Allah kesho.

Nne, kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kisheria, kwa Sura ya 169, liwe na bima ya madhara kwa watu wengine. Kwa hiyo mara nyingi anayelipa ni kampuni ya bima na si dereva maskini mnayemwonea huruma. Kama marehemu alifariki kazini au kwa sababu ya kazi, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, unaowalipa wategemezi. Na kampuni ya bima ikisumbua, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Tano, msisaini karatasi yoyote msibani. Karatasi ikisema "malipo kamili na ya mwisho", maana yake mlango umefungwa. Pokeeni rambirambi kwa shukrani, mwandike kuwa ni rambirambi, na hayo mengine mwambieni mwenye gari kwamba yana wakati wake na watu wake.

Sita, muda haungoji. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai yanayotokana na madhara yana ukomo wa miaka 3. Na kama mnaidai serikali, kwa mfano hospitali au gari la serikali, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90. Wasio na uwezo wa kumlipa wakili waende kwenye vituo vya msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewekwa kwa ajili yao.

Mipaka ya Muislamu katika kudai

Kudai haki si ruhusa ya kuivuka. Usiongeze jina la mtoto asiyekuwepo. Usiseme marehemu alikuwa akiingiza laki kwa siku hali unajua alikuwa akiingiza elfu kumi na tano. Usimlete shahidi ambaye hakuwepo. Mali inayopatikana kwa kiapo cha uongo haiwi halali kwa kuwa hakimu ameiandika.

Na mahakama ikigawa fidia kwa majina, kila mtegemezi na kiasi chake, kila mmoja achukue kilichoandikwa kwake, na cha mtoto kihifadhiwe kwa mtoto. Kinacholipwa kama mali ya marehemu mwenyewe, mfano gharama alizotumia kabla ya kufa au mshahara aliokuwa akidai, hicho kinaingia katika mirathi na kugawiwa kwa mafungu ya Qur'an. Ikiwa hukumu imeongezewa riba kwa sababu ya kuchelewa malipo, itengeni riba hiyo na muulize wanazuoni kabla ya kuigusa.

Kwa upande wa dereva Muislamu, nina neno pia. Bima ikilipa imelipa haki ya viumbe. Haki ya Allah ingali shingoni mwako. Kwa kuwa leo hakuna watumwa wa kuwaacha huru, iliyobaki ni kufunga miezi miwili mfululizo. Familia ya marehemu ikikusamehe diya haina uwezo wa kukusamehe kafara, kwani hiyo haikuwa yao.

Tulivyorejea barazani

Nilirudi kwa wazee wale wale nikiwa na vitabu vyangu. Nilianza kwa kusema kwamba mimi ndiye wa kwanza kukosea, kwa sababu wao walimwita ustadhi ili awaongoze, naye akasaini. Kaka wa marehemu alikasirika mwanzoni. Aliniuliza, "Unataka nionekane nimekula pesa ya ndugu yangu?" Nikamwambia, "Hapana kaka, hukula. Lakini ulitoa kisicho chako, nami nilikusaidia." Alinyamaza muda mrefu. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyempeleka shemeji yake Mahakama ya Mwanzo, akatoa ushahidi kwamba mjane ndiye anayefaa kuwa msimamizi.

Mwanasheria wa kituo cha msaada alituambia kwamba karatasi ile ilisainiwa na mtu asiye msimamizi, kabla hata ya msimamizi kuteuliwa, na haiwezi kuwafunga watoto. Miaka 3 ilikuwa bado haijakatika. Madai yakafunguliwa. Mwenye lori aliambiwa pesa yake ya rambirambi itatambuliwa katika hesabu, asije akadhulumiwa naye. Ilichukua muda, zilikuwepo tarehe nyingi za kuahirishwa, na mwisho bima ililipa kwa suluhu iliyosajiliwa mahakamani. Fungu la watoto lipo benki, katika akaunti isiyo na riba, kwa majina yao.

Lakini jambo ambalo sitalisahau lilitokea kabla ya hayo yote, siku ile ile barazani. Bibi, mama mzazi wa marehemu, alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Hakusoma shule, na Qur'an anajua sura chache za kuswalia. Nilipomaliza kueleza mafungu, akauliza, "Kwa hiyo mimi nina langu peke yangu?" Nikamwambia ndiyo mama, sudusi. Akasema, "Basi langu nimemsamehe yule kijana dereva, kwa ajili ya Allah. La wajukuu zangu simsamehi, maana si langu."

Nilisoma chuo kikuu, nikasoma na vitabu vya fiqh, na suala lote hili alilimaliza yeye kwa maneno yale.

Ndugu Waislamu, kesho kutwa utaitwa katika msiba wa jirani. Italetwa bahasha, na italetwa karatasi. Kabla hujashika kalamu uliza: mjane yuko wapi? Watoto ni wangapi na wana umri gani? Na hiki tunachotaka kukisamehe ni cha nani?